Kuchakulo na Jiko Lisiloshiba

Hodi, wenye masikio!

— Karibu, mwenye ulimi.

Nimekuja na kapu, ndani mna kweli na uongo.

— Mwaga, tutachambua.

Na mkikuta jiwe?

— Tutakurushia mwenyewe.

Haya, kaeni vizuri, namwaga.

Hapo kale, Nyegere alikuwa na koti jekundu linalong'aa kama shaba iliyosuguliwa kwa ndimu. Na alikuwa tajiri. Mnacheka? Tajiri kweli. Alikuwa na kiwanda cha sukari guru katika bonde la Kitopeni. Miwa inakamuliwa, maji yake yanamiminwa kwenye makarai makubwa, makarai yanapandishwa jikoni, maji yanachemka mpaka yanakuwa mazito, kisha yanamwagwa kwenye vifuu vya nazi yagande. Bonde zima lilinunua kwake, maana utamu mwingine haukuwapo.

Lakini jiko lile, jamani. Jiko lilikuwa na mdomo kama pango. Asubuhi linakula mti, ng'wa. Mchana linakula mti, ng'wa. Jioni linakula mti, ng'wa. Likimaliza, linasema leta.

Nyegere mwenyewe hakukaa karibu nalo, joto lilimchoma pua. Alikaa barazani kwake, ng'ambo ya uwanja, mguu juu ya mguu, macho kwenye dohani. Moshi ukitoka dohanini mweusi na mzito, alijipiga tumbo, pu, pu, pu, akasema leo kazi inakwenda. Moshi ukiwa mwembamba, alichukua fimbo. Kwa Nyegere, moshi ndio kazi, na pasipo moshi hapana kazi.

Basi Ngiri, mchochezi wa jiko, akajifunza la kufanya. Akiona bwana amekunja uso, anatupa kuni mbichi, juu yake anatupa majani mabichi. Moshi unapanda fuuu. Watu wanakohoa mpaka ng'ambo ya mto, nguo zilizoanikwa zinageuka nyeusi, na Nyegere anajipiga tumbo, pu, pu, pu. Sukari ilichelewa kuiva, ndiyo, na kuni zilikwisha haraka, ndiyo. Lakini nani amwambie? Kila mtu alilijua jambo hilo, na kila mtu alilisema nyumbani kwake tu, mlango ukiwa umefungwa.

Miti ikaisha. Mivule ikaliwa. Mikwaju ikaliwa. Mikorosho ya watu ikaliwa, wenyewe wanaangalia. Bonde likabaki kipara. Ukabaki mti mmoja tu, msufi, nyuma ya kiwanda. Na huko juu, katika tundu lililotandikwa sufi laini, alikaa Kuchakulo, kindi mjane mwenye mkia mrefu na mdomo mrefu kuliko mkia, pamoja na watoto wake watatu ambao hata macho hawajafumbua.

Asubuhi moja Kuchakulo akasikia ko, ko, ko. Akachungulia. Ngiri alikuwa chini, anagonga shina, kisha analichora alama ya mkaa. Shoka limeegemezwa pembeni, limenolewa.

"Kaka Ngiri, unafanya nini kwenye nyumba yangu?"

Ngiri hakuinua uso. "Rundo la kuni lililoko uwanjani halifiki jioni, dada. Likiisha, nimeambiwa niangushe huu. Mimi ni mkono tu."

"Mkono wa nani?"

"Unajua wa nani."

Akaenda zake. Shoka akaliacha palepale, maana atarudi.

Kuchakulo akatazama huku, akatazama huku. Mti mwingine wa karibu ulikuwa ng'ambo ya mto, na kati yake na mto ni uwanda mtupu, hata kichaka cha kujificha panzi hamna. Juu ya uwanda huo Mwewe alikuwa anazunguka, polepole, kama mtu aliyeambiwa asubiri, chakula kinapakuliwa. Kuchakulo angeweza kumbeba mtoto mmoja mdomoni akakimbia. Akirudi kumchukua wa pili, wa kwanza atamkuta? Na wa tatu je? Watoto wakalia, wii, wii, wanatafuta ziwa. Akawanyonyesha huku anaangalia dohani ya Nyegere.

Alikuwa analiangalia jiko lile tangu alipozaliwa. Kwa juu unaona mengi. Aliona nyufa zake zinavyong'aa nyekundu, joto linatoka nje kuota jua. Aliona mdomo ulivyo wazi, moto unamulika miguu ya Ngiri kuliko makarai. Aliona dohani inavyounguza majani ya msufi wake, nayo iko mbali. Kuni nyingi zilipita jikoni kama mgeni aliyefika, akakaa, akaondoka bila kula wala kusaidia kazi.

Akawafunika watoto kwa sufi. Akachana mkia. Akateremka, akakata uwanja kwa mwendo wa mtu aliyeitwa, mpaka barazani.

Akamwamkia tajiri kwa adabu zote, akamsifu koti, akamsifu tumbo, kisha akasema yeye ni fundi wa kupunguzia wenye viwanda gharama. Akasema amemtengenezea Fisi jiko la kuyeyushia mafuta, huko mbali, na Fisi sasa hajui kuni zake azipeleke wapi. Uongo mtupu. Fisi hajawahi kuwa na jiko, hata la chai.

Nyegere akamtazama kama mtu anayetazama kitafunio kinachozungumza. "Na mimi nikusaidie nini, bibie?"

"Ni mimi nikusaidie, tajiri. Miti yako imekwisha. Ukiuangusha ule msufi, kesho utachoma nini? Miguu ya kiti?"

Hapo Nyegere akashusha mguu. Jambo hilo lilikuwa linamnyima usingizi, ila hakupenda kulisikia likisemwa na kitu kidogo vile.

Kuchakulo akaweka masharti yake. Apewe lile rundo moja la uwanjani, lililozoea kuisha kabla ya alasiri. Kwa rundo hilohilo atapika miwa yote ya leo. Jua likizama, kama sukari yote imeiva na kuni zimebaki, hata ukuni mmoja, basi kilichobaki ni chake, na msufi ni wake, na shoka halitaugusa.

"Na zisipobaki?"

"Msufi ni wako."

"Msufi ni wangu hata sasa. Ongeza."

Kuchakulo akamtazama mdomo. Nyegere alikuwa na meno ambayo sukari haikuyaharibu hata kidogo.

"Zisipobaki," akasema, "mimi na wanangu tutashuka wenyewe. Hutasumbuka kupanda."

Nyegere akacheka, akakubali haraka. Akilini mwake alikuwa amekwisha piga hesabu ya mlo. Jiko lake halijawahi kubakiza hata kibanzi.

Sasa, Kitopeni neno la mdomo halikutosha. Desturi yao, watu wakipatana jambo kiwandani, walilamba sukari ya moto kwenye upawa mmoja, mbele ya wanunuzi. Atakayevunja, hakuna mtu wa bonde atakayepokea tena kitu kitamu kutoka mkononi mwake. Siku ile aliyetangulia kwenye foleni alikuwa Mama Kanga, ambaye ukimwambia neno asubuhi, jioni linakurudia limezaa. Yeye ndiye aliyeshika upawa. Nyegere akalamba. Kuchakulo akalamba, ulimi ukaungua.

Kazi ikaanza.

Kuchakulo hakugusa kuni. Alizunguka jiko kwanza, masharubu yamesimama. Penye ufa, masharubu yanajikunja kwa joto, naye anasema hapa. Ngiri anabandika udongo wa kichuguu, pacha. Hapa, pacha. Na hapa, pacha. Mdomo wa jiko akauziba nusu, ukabaki wa kuingiza ukuni, si wa kuingiza mti. Chini akaacha tundu moja dogo.

"La nini hili?" Ngiri akauliza.

"La pumzi. Hata moto unapumua, kaka."

Kuni akataka zipasuliwe nyembamba, zianikwe juani kwanza. Makapi ya miwa yaliyokuwa yanaoza nyuma ya kiwanda nayo yaanikwe, maana yakikauka yanawaka kama karatasi. Makarai yafunikwe mpaka maji yachemke. Na yasikae ovyo ovyo, yapangwe mstari, moja nyuma ya jingine. Moto uliozoea kukimbilia dohanini ukaambiwa, si hivyo, baba, pita hapa kwanza, mchemshie huyu, kisha mchemshie na huyu, halafu ndipo uende zako.

Akawasha. Ukuni mmoja. Makapi kidogo. Ukuni mwingine. Akaimba kwa sauti ndogo, kama anawabembeleza wanawe:

Ziba, ziba, ziba ufa,
moto mdogo haujafa.
Ziba, ziba, ziba tundu,
moto mwingi ni uchungu.

Makarai yakasema bwata. La kwanza, bwata. La pili, bwata bwata. La tatu, bwata bwata bwata. Ngiri akasimama na sepetu mkononi, hajui pa kuipeleka. Kope zake, ambazo ziliungua tangu ujana, hazikuhisi joto. Joto lote lilikuwa kazini.

Lakini dohani haikutoa kitu. Pale juu hewa ilitetemeka kidogo tu, kama pumzi ya mtu aliyelala.

Barazani, Nyegere alikuwa anasubiri moshi. Akasubiri. Akafuta macho, akasubiri tena. Akachukua fimbo, akaja mbio.

"Nani amesimamisha kazi?"

Mama Kanga akanyoosha upawa tu, kuonyesha makarai. Nyegere akachungulia moja. Sukari inachemka. Akachungulia jingine. Inaiva. Akageuka kuangalia rundo la kuni, na hapo uso ukabadilika, maana rundo lilikuwa bado linamzidi yeye urefu.

Mngesema angefurahi. Kuni zake zimeokoka, mapafu ya bonde yamepumzika, sukari inatoka mapema. Lakini Nyegere hakuona kilichookoka. Aliona kitakachokwenda kwa mwingine, na jambo hilo lilimkaba kama mfupa wa samaki.

Alasiri, sukari yote ilikuwa kwenye vifuu, imeganda, inanukia. Jua lilikuwa bado juu ya kilima. Nyegere akasimama mbele ya watu.

"Sukari imeiva, nakubali. Bado kuni. Jua halijazama, na jiko ni langu. Ngiri, tia rundo lote jikoni."

Watu wakaguna. Mama Kanga akasema huo si uungwana, kuchoma kuni bila kupika kitu. Nyegere akauliza, upawa ulilambwa kwa maneno gani? Kuni zibaki jua likizama. Je, kuna mahali paliposemwa asichome? Hapakuwapo.

Kutoka juu ya msufi Kuchakulo akasikia wii, wii, wameamka. Na shoka liko palepale. Mwewe naye alikuwa ameshuka, ametua juu ya paa la kiwanda, anajisafisha makucha. Kuni zile zilikuwa nyembamba na kavu, kazi yake mwenyewe. Zikiachwa ziwake vizuri, zingekwisha kabla jua halijagusa kilima.

Kuchakulo akajitupa miguuni kwa Nyegere, analia.

"Tajiri, nimeshindwa, natambua. Tia zote, shindilia, ni haki yako. Ila nakusihi, usiweke juu yale makapi mabichi ya miwa ya leo. Yana moshi mno, nami nina watoto wachanga."

Nyegere aliposikia moshi, masikio yakasimama.

"Ngiri," akasema taratibu, kwa raha, "na makapi mabichi. Yote."

Mdomo uliozibwa nusu ukabomolewa. Ngiri akatia kuni. Akasukuma, akatia. Akashindilia kwa mguu, akatia. Nyegere mwenyewe akaja na kitako kusukuma za mwisho. Jiko likajaa mpaka kooni. Juu yake makapi mabichi, yanadondosha maji. Mdomo ukafungwa kwa bati.

Watu wote walikuwa wanaangalia mdomo wa jiko. Hakuna aliyeangalia chini. Kuchakulo, bado amelala kifudifudi mbele ya jiko analia, alinyoosha mkia nyuma taratibu, akabandika donge la udongo kwenye tundu la pumzi. Pacha.

Ngiri alisikia. Aliitambua sauti ile, maana alikuwa ameifanya asubuhi nzima. Akatazama chini. Akautazama mkia. Kisha akamtazama bwana wake.

Kuchakulo akaacha kulia, akangoja.

Ngiri akajikwangua shavu. "Mimi ni mkono tu," akanong'ona, akasogeza mguu wake mpana, ukaficha tundu.

Moshi ukatoka. Nyie, ule ulikuwa moshi. Fuuu. Mweusi kama sufuria ya matanga, mzito kama godoro. Ukafunika paa, Mwewe akakohoa, akaruka kwenda kutafuta bonde jingine. Nyegere akarudi barazani, akaweka mguu juu ya mguu, akajipiga tumbo, pu, pu, pu. Akaagiza aletewe chumvi na pilipili. Akauliza kama kuchakulo wachanga huliwa pamoja na mifupa.

Jua likashuka kidogo.

Moshi, fuuu.

Jua likagusa kilima.

Nyegere akainua kichwa. Alikuwa mlafi, si mjinga kabisa. Akaita kutoka barazani, "Mbona sisikii mngurumo? Jiko langu hunguruma."

Ngiri akatazama miguu yake. Mama Kanga akatazama upawa. Kuchakulo akahisi kila unywele wa mkia umesimama peke yake.

"Tajiri," akajibu, "umewahi kumsikia mtu anazungumza na tonge mdomoni? Ngoja limeze."

Nyegere akafikiri. Yeye mwenyewe akila hazungumzi. Akatazama moshi, ukiwa mnene vilevile, roho ikatulia. Akajiegemeza tena.

Jua likazama nusu. Likazama robo tatu. Likazama.

"Haya," Nyegere akasimama, anafunga leso shingoni. "Fungueni, mwone majivu. Na wewe, bibie, kawaite wanao."

Mama Kanga akavuta bati kwa upawa. Watu wakasogea.

Kuni zilikuwa zimelala mle ndani kama zilivyoshindiliwa. Zimepakwa masizi tu, kama wanawali waliopakwa wanja. Hata ukuni mmoja haukuwa umeliwa. Moto ulikuwa umejikunja chini kabisa, jicho dogo jekundu, unatafuta pumzi.

Mama Kanga akasema, polepole, ili kila neno lisikike mpaka ng'ambo ya mto:

"Moshi wote ule, tajiri. Kumbe ulikuwa unachoma nini?"

Kicheko kikalipuka. Nyegere hakucheka. Akasema haiwezekani, akasema ni uchawi, akasema jua halijazama sawasawa. Watu wakamwonyesha upawa. Akapiga kelele kwamba kuni ni zake na atazichoma sasa hivi, kwa mkono wake, tuone nani atamzuia. Akajitosa kwenye mdomo wa jiko, kichwa mbele, anazikwangua, anazitawanya, anautafuta moto.

"Tajiri, toka humo," Kuchakulo akasema, na safari hii alisema kweli. Akaondoka mbele ya jiko. Ngiri naye akaondoa mguu.

Ni lile donge la udongo, lilikuwa bichi bado. Nyegere alivyokuwa anachakura mle ndani, likang'oka. Upepo wa jioni ukaingia chini. Moto ukavuta pumzi moja ndefu.

Bwuuu.

Nyegere akatoka kama mbegu ya ndimu iliyobanwa. Akatoka na majivu, akatoka na masizi, akapita uwanja, akapita baraza lake, akapita mto bila kuona kwamba ni mto. Lile koti jekundu halikuonekana tena. Tumboni masizi, mgongoni majivu. Mtazameni hata leo: chini mweusi, juu kijivu, kama mtu aliyelala jikoni. Ameoga, amesugua, wapi. Na kwa kuwa hakuna mtu Kitopeni aliyekubali tena kupokea utamu wake, wala kumpa, anaufuata msituni kwa nyuki, na nyuki wanampokea mnavyojua.

Kiwanda kipo. Ngiri ndiye anayekiendesha, moto mdogo, karai nyuma ya karai, na kope zimemwota tena, anazipepesa kwa akina mama. Mama Kanga anasema ana mke wa pili, ila hilo mimi sijalihakiki. Nguo zinaanikwa, zinabaki nyeupe. Miche ya mivule imeanza kuchipua.

Na Kuchakulo? Alirudi juu siku ileile, akawakuta wanawe wamelala, mmoja amefumbua jicho moja. Tangu hapo hasemeki. Ukipita chini ya msufi na jiko lako la mkaa, atakuuliza mdomo wake upana gani. Ukiwasha hata kiko, atakushauri. Amenenepa kwa sukari, na bado anamsimulia kila mtu jinsi alivyomsaidia Fisi.

Basi, mafunzo ya hadithi ni haya, na myashike. La kwanza, msiwe waongo, maana mwongo hafiki popote. Hubaki palepale juu ya mti wake, na watoto wake wanene, na sukari yake. La pili ni kwa wenye viwanda. Moshi ndio kazi, jamani. Msizibe nyufa, msifunike karai, msikaushe kuni, acheni moto utoke nje ukaote jua. Maana mkianza tu kubana kuni, kitabaki kitu, na kikibaki kitu, atashuka mtu mdogo mwenye mkia aje akichukue.

Kapu langu tupu.

— Tumechambua.

Kweli ngapi?

— Tumezila njiani.

Na uongo?

— Huo tunaurudisha kwako, uje nao kesho.